Kumfundisha mtoto kusoma kwa kushika mwisho wa neno

Kuna mtoto anayejua silabi zote. Ba, be, bi, bo, bu hazimpi taabu. Ma na mi anazitamka huku anaruka kamba. Sasa mpe neno "kitanda". Atasema "ki", atangoja, atasema "ta", atavuta pumzi, atafika "nda", kisha atakutazama usoni na kuuliza, "Ndata?" Si mjinga huyo, wala si mvivu. Kila silabi ameipata. Kilichompotea ni neno.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa namna hiyo, aliye PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) au Gredi ya 1, na ni wa yeyote anayekaa naye jioni: mama, baba, shangazi, au dada mkubwa aliyemaliza shule na hajapata kazi. Mimi hufundisha watoto wadogo huku Kisauni, Mombasa, na nikirudi nyumbani hukuta wengine barazani wananingoja. Ninayoyaeleza nimeyajaribu kwa wepesi na kwa wazito.

Mwisho wa neno ni upi hasa

Karibu maneno yote ya Kiswahili huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hatusemi KItanda wala kitaNDA, tunasema kiTAnda. Kwa kazi yetu, mwisho wa neno huanzia kwenye ile irabu yenye mkazo hadi herufi ya mwisho kabisa. Kwa hiyo kitanda, panda na kanda zina mwisho mmoja, -anda. Moto, joto, ndoto na mtoto zina -oto. Meza, weza, cheza na teleza zina -eza.

Sikio la mtoto limeushika mwisho huo tangu hajaota meno, kwa sababu hapo ndipo sauti inapoelemea. Jicho lake ndilo halijaujua. Na Mombasa hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hili. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mvita kati ya 1776 na 1840 hivi, alitunga mashairi yenye mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwa 8, na vipande vikafungwa kwa vina. Mengi yalikaa vichwani mwa watu kabla ya kuandikwa. Kina ndicho kilichowashikia maneno yasidondoke. Sisi tutakitumia kina hichohicho kumshikia mtoto "kitanda".

Kuna faida nyingine. Kiswahili hubadilisha zaidi kichwa cha neno kuliko mkia: mtoto, watoto, kitoto, utoto. Mtoto aliyeitambua "-toto" kwa mtupo mmoja wa jicho amebakiwa na kazi ndogo tu, ya kuangalia mbele kuna nini.

Kabla hamjaanza

Chunguza mambo mawili. La kwanza, mtoto anaziitaje herufi? Watoto wengi wa hapa hufundishwa majina ya Kiingereza kwanza: b ni "bii", k ni "kei". Mwambie mtoto huyo aunganishe k na a, atakwambia "keiei". Kwa wiki nzima ya kwanza acha majina, tumia sauti peke yake. Shule nyingi zimekuwa zikianza na sauti za herufi tangu Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, ulipoenezwa nchini Kenya 2015, kwa hiyo hutakuwa unapingana na mwalimu wake.

La pili ni kwa watoto wanaokwenda chuoni, yaani madrasa, alasiri. Kule wanasoma Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, na mwisho wa neno uko upande wa kushoto. Ukimwambia "tazama mwisho", usishangae akitazama mwanzo. Weka nukta ya kijani chini ya herufi ya kwanza, na wewe elekeza kwa kidole, usielekeze kwa mdomo. Lakini mtoto wa chuo ana akiba pia: aliyezoea fatha, kasra na dhuma, alama za irabu za Kiarabu, ameshajua kwamba herufi moja hubadilika kwa irabu inayoifuata. Wenzake itabidi uwafundishe hilo.

Vifaa havizidi bei ya mahamri ya watu wawili. Boksi la dukani, mkasi, maka nyeusi na nyekundu, na vifuniko 20 hivi vya chupa za maji. Kata boksi vipande vya upana wa vidole vinne, uandike miisho kwa rangi nyekundu. Juu ya vifuniko andika herufi za mwanzo kwa rangi nyeusi. Sh, ch na ny zikae pamoja kwenye kifuniko kimoja, kwa kuwa ni sauti moja. Herufi ziwe ndogo. Kubwa zina wakati wake.

Hatua ya kwanza: masikio, bila karatasi

Siku tatu au nne msiandike chochote. Mkiwa mnachambua mchele au mnangoja matatu, sema, "Paka, taka, moto, kaka. Nani si wa nyumba hii?" Akishazoea, geuza: "Mimi nina moto. Nipe mwenzake." Akikupa "goto" ambalo halina maana, likubali. Unatafuta sikio, maana itakuja.

Methali zinafaa sana hapa, kwani nyingi zimejengwa kwa vina. Sema "Haba na haba hujaza…" kisha nyamaza, yeye amalizie "kibaba". "Haraka haraka haina…" baraka. "Asiyesikia la mkuu huvunjika…" guu. Mtoto asiyeweza kumalizia hata moja baada ya kuzisikia mara kadhaa hayuko tayari kwa kadi. Bakini hapohapo wiki moja zaidi, hakuna anayewafukuza.

Hatua ya pili: mwisho mmoja, vichwa vingi

Wengi huanza na -aka kwa sababu ya paka. Mimi huanza na -ama, na si kwa ajili ya mama tu. Sauti za m, s, z, f, n, l na sh unaweza kuzivuta: mmmm, zzzz, ffff. P, t, k na b hazivutiki, hupasuka zikaisha, na mtoto akijaribu kuzivuta huziongezea irabu isiyokuwapo: "pa-aka". Basi anza na zinazovutika.

Weka kadi ya -ama mezani au mkekani. Sema "ama" kwa mkupuo mmoja, usikate "a, ma". Mtoto aguse kadi, aseme "ama". Rudieni mara tatu. Sasa kiweke kifuniko cha m mbali kidogo upande wa kushoto, ukisukume polepole kuelekea kadi huku unavuta sauti: mmmmm… kifuniko kikigonga kadi, "mama!" Mgongano huo ndio somo lenyewe. Mpe kifuniko asukume mwenyewe: zama, nyama, hama, na hatimaye kama na chama.

Baada ya -ama nenda -ika: fika, zika, shika, na hatimaye pika. Kisha -ita: sita, vita, pita, hii watoto huipenda kwa kuwa kadi yenyewe ni neno hata kabla ya kuongezewa kitu. Halafu -eza, -oto, -aka. Mkishamaliza sita hizo ndipo uingie kwenye konsonanti zilizobanana: -anda, -imba, -anga, -embe, -amba. Mamba, kamba, pamba, shamba. Siku ya -amba mtoto akifika kwenye kifuniko cha j ataligundua neno mwenyewe na atacheka mpaka aanguke. Mwache acheke. Neno hilo hatalisahau, na mwisho huo pia hatausahau.

Angalia -anga na -ang'a zisichanganyike. Kidole kiguse ile alama ya juu, na pua iseme: changa, lakini ng'ang'ania. Usiziweke siku moja.

Dakika 10 kwa siku zinatosha, mwisho mmoja kwa siku mbili. Baada ya Maghrib ni wakati mzuri kabla ya chakula. Baada ya chakula utakuwa unamfundisha mtoto aliyelala macho wazi.

Hatua ya tatu: kuvuruga

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo iliyonifedhehesha mimi. Mpwa wangu alikuwa akinisomea orodha ya -aka bila kigugumizi: paka, taka, kaka, waka. Nikawaita majirani waje wamsikie. Katikati ya kusoma nikaona macho yake yako darini, yanamfuata mjusi. Alikuwa ameihifadhi orodha kama wimbo, hakuwa anasoma hata neno moja.

Kwa hiyo siku ya tatu ya kila mwisho, changanya. Panga kadi mbili au tatu za miisho tofauti, na vifuniko vikae kwenye bakuli. Wewe unatunga neno, yeye anasoma, halafu mnabadilishana na wewe unasoma alilotunga. Tia na maneno ya mzaha ambayo hayapo duniani: gaka, fembe, lipoto. Mtoto hawezi kulihifadhi neno ambalo hajapata kulisikia. Akilisoma sawasawa, ujue macho yamefanya kazi.

Kosa utakaloliona sana hapa ni mtoto kushika mwisho na kubahatisha kichwa: imeandikwa "taka", anasoma "paka". Usimwambie "hapana". Funika mwisho kwa kidole, aseme sauti ya kwanza peke yake, kisha ufunue.

Hatua ya nne: -ni, na mji mzima kuwa kitabu

Kati ya miisho yote, huu ndio wenye kazi nyingi zaidi, na ndio unaowaangusha watoto waliokuwa wamekwenda vizuri. Sababu ni mkazo. Meza husemwa MEza. Ongeza -ni, mkazo unahama: meZAni. Mtoto aliyeizoea "meza" huisoma kama alivyoizoea kisha akabandika "ni" nyuma: "MEza-ni". Masikio yake yanasikia kitu kigeni, anadhani amekosea, anaanza upya.

Andika "ni" kwenye kadi ya rangi nyingine kabisa. Weka neno zima: soko. Asome. Bandika "ni". Kabla hajasoma, semeni pamoja kwa makofi, kofi kubwa mahali pa mkazo: SO-ko, so-KO-ni. KI-ti, ki-TI-ni. Kitanda, kitandani. Fanyeni mchezo wa nyumba: andika "mezani", "kitandani", "mlangoni", "jikoni", umpe kijiko akipeleke mahali kadi inaposema. Akikipeleka kwenye ndoo badala ya jikoni, umejua.

Kisha tokeni nje. Sijui mji mwingine uliojaa -ni kama huu wetu. Likoni, Bondeni, Kibokoni, Ganjoni, Maweni, Kiembeni, Mikindani, Miritini, na Kisauni kwetu. Kaeni kituoni dakika chache mtazame vibao vya matatu vinavyopita. Vingi vimeandikwa kwa herufi kubwa, na huu ndio wakati wa kuzifundisha, kwa kuwa mtoto ana hamu ya kujua gari linakwenda wapi. Atafute NI kwanza, halafu arudi mwanzo. Mengine yanafumbuka: Bondeni ni kwenye bonde, Maweni kwenye mawe, Kibokoni kwenye kiboko, na hapo tarajia maswali kuhusu yuko wapi huyo kiboko. Likoni ni kwenye liko, mahali pa kufikia vyombo. Mtoto anayevuka feri amepata somo la Kiswahili na la historia kwa pamoja.

Lakini si kila -ni ni ya mahali. Sabuni si "ndani ya sabu", wala shetani si "kwa sheta". Mfundishe jaribio la kidole: funika "ni", uliza kilichobaki ni neno unalolijua? Kama silo, basi "ni" ni mali ya neno lenyewe. Na ipo -ni ya tatu, ile anayoisikia kila siku darasani: njooni, kaeni, nyamazeni. Hiyo ni ya watu wengi. Nimeona watoto wakiielewa upesi sana wakiambiwa wao ndio watakaowaamrisha wakubwa: mtoto anasoma kadi "Simameni!", na baba, mama na bibi wote wanasimama.

Hatua ya tano: herufi moja ya mwisho inayogeuza maana

Mama anapika. Mama apike. Mama hapiki. Anayebahatisha atasoma "pika" katika zote tatu na hatajua kama chakula kipo au hakipo. Andika vikaratasi vya amri, viwili viwili: Cheka, Usicheke. Ruka, Usiruke. Simama, Usisimame. Asome kimya, atende. Mtoto anayeruka pale palipoandikwa "Usiruke" ameona katikati ya neno tu, akaacha ncha zote mbili.

Vitenzi virefu vya -ia, -isha na -wa vingoje Gredi ya 2 kwa wengi wao. Mkivifikia, kanuni hii ni yako wewe mzazi, si yake: kitenzi chenye a, i au u kwenye mzizi huchukua i (katia, pikia, fungisha); chenye e au o huchukua e (chekea, somesha). Mtoto hahitaji kuambiwa, sikio lake linajua. Wewe ujue ili uweze kupanga kadi: pikia na fungia zikae pamoja, chekea na somea zikae pamoja.

Jihadhari na -ua na -wa. "Fungua mlango" na "mlango umefungwa" zinatofautiana kwa jambo dogo ambalo macho ya haraka hayalioni. Fu-ngu-a ni makofi matatu. Fu-ngwa ni mawili. Kila irabu ya Kiswahili ina kofi lake, hata zikikaa pamoja: li-a, o-ndo-a, chu-ku-a.

Kiingereza na Kimvita vikiingilia

Mtoto huyuhuyu anasoma Kiingereza darasa hilohilo. Siku moja atasoma "mate" ya Kiswahili kama "meit", na "pole" kama "pol", kwa kuwa ameambiwa e ya mwisho ya Kiingereza haitamkwi. Wake, take, same, zote zinaweza kusomwa kwa lugha mbili. Usisome lugha zote mbili jioni moja, na kadi za Kiingereza zisiwe za boksi lilelile. Kwa Kiswahili kanuni ni fupi: irabu ya mwisho husemwa daima.

Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, ni jambo jingine, nacho kisifanywe ugonjwa. Mtoto wa Mji wa Kale akiona "njaa" akasoma "ndaa", amesoma na ameelewa. Ndivyo asemavyo bibi yake. Njia ni ndia, mchanga ni mtanga, macho ni mato, nchi ni nti. Tazama kwamba irabu ya mwisho haikuguswa. Kilichobadilika ni herufi za mbele au za kati. Mwambie, "Sisi twasema ndaa, kitabuni huandikwa njaa," urudishe kidole kwenye j, mwendelee. Sijapata kuona mtoto aliyeharibikiwa kusoma kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao. Waliochekwa kwa ajili yake wakaacha kusoma kwa sauti, hao nimewaona.

Hatua ya sita: leso

Vitabu vya shule mnavyo. Mimi naongeza leso. Kila nyumba hapa inazo, zimeandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka, sentensi moja fupi yenye maana nzito, na mtoto amezaliwa amefungwa ndani yake. Tandaza moja mkekani. Asianze mwanzo. Atafute kwanza miisho anayoijua, aiguse, ndipo asome sentensi nzima. Mkipita Mtaa wa Biashara ambako zimetundikwa madukani, mpe kazi ya kutafuta -NI tatu kabla hamjafika mwisho wa mtaa. Kwenye leso nyingi kuna maandishi madogo pia, "Mali ya Abdulla". Watoto hujiona mashujaa wakiyapata.

Kama huna leso yenye maneno yanayofaa umri wake, andika methali mwenyewe kwenye boksi. "Mchumia juani hulia kivulini" ina kila kitu tulichokisema: -ni mbili, mkazo uliohama mara mbili, na -ia inayotaka makofi mawili. Akiisoma bila kusimama, mwambie atunge yake. Msaidie kwa mwisho, kichwa atafute mwenyewe. Mmoja wangu aliandika "Paka wa kaka ala taka", na imetundikwa mlangoni hadi leo.

Kama haendi

Wiki sita hadi nane ni muda wa kawaida kufika hatua ya nne. Akichelewa, kwanza punguza: rudi kwenye miisho miwili tu. Akigeuza b na d akiwa na miaka 5 au 6, usishtuke, wengi hufanya hivyo. Lakini mtoto aliyemaliza Gredi ya 1 na bado hawezi kukwambia kwamba moto na joto zinafanana kwa sauti, au anayesogeza karatasi karibu na pua, apimwe masikio na macho kabla hujamlipia tuisheni. Niliwahi kuletewa mtoto aliyeitwa mzito mwaka mzima. Kadi zangu alizisoma zote, kwa kuwa nilizikata kubwa na zilikuwa mkekani mbele yake. Ubao wa darasani hakuwa akiuona.